MGENI SIKU YA TATU: JEMBE LIKO WAPI?



Wazee wetu walituachia neno fupi ambalo kila mtoto wa Visiwani hulisikia kabla ya kujua kusoma: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wasiolijua hudhani kuwa ni neno la uchoyo, kumbe ni neno la heshima. Maana yake ni kwamba mgeni tunampokea, tunamlisha na kumwachia kitanda tukalala mkekani. Lakini akiamua kukaa, basi amekwisha kuwa mwenzetu, na mwenzetu huingia shambani pamoja nasi, hubeba anachobeba jirani, na hula kilicholimwa na wote. Kwa hiyo jembe si adhabu. Jembe ni hati ya uenyeji.

Leo gazeti hili lauliza swali moja tu. Wale wageni walioingia Paje, Jambiani, Bwejuu, Michamvi, Matemwe, Kiwengwa, Kendwa na Nungwi, wakapapenda, wakajenga, wakakaa miaka mitano, kumi na hata ishirini, jembe lao liko wapi? Na kama hawanalo, nani aliyewaambia kwamba hawalihitaji?

Twajibu tangu mwanzo ili asiwepo wa kutusingizia: aliyewaambia si maskini wa Paje. Aliyewaambia ni Serikali.

TUNAMSEMA NANI

Yatupasa kubainisha, kwani maneno yasiyobainishwa huzaa fitina. Mtalii tunamjua. Huja kwa ndege, hukaa wiki moja, huota jua, hununua kikoi, akaenda zake. Kwa hesabu za Serikali yenyewe walioingia mwaka 2024 walizidi laki saba, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliwahesabu watu wake 1,889,773. Huyo hatuna ugomvi naye. Haki ya mgeni tulifunzwa chuoni tungali watoto, na mwanachama atakayemfanyia jeuri mpita njia hana nafasi katika chama hiki.

Hali kadhalika hatumsemi aliyekwama. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, Waukraine wapatao elfu moja walijikuta Unguja bila ya ndege ya kuwarudisha wala fedha ya kuendelea kulipia vyumba, na visiwa hivi viliwahifadhi. Hilo lilikuwa jambo jema, na lingetokea kesho tungelifanya tena.

Tunayemsema ni mgeni mkaazi. Huyu alikuja kwa wiki moja, akarudi kwa mwezi, akakodi nyumba, akaonyeshwa kiwanja, akapiga ukuta. Wengine wao huendesha nyumba za wageni, au baa, au skuli ya kufundisha mchezo wa tiara la baharini. Wengine hufungua kompyuta asubuhi wakaifanyia kazi kampuni iliyoko London au Berlin, wakalipwa mshahara wa Ulaya, wakaishi kwa bei ya Unguja. Huyo si mtalii tena, wala bado si mwananchi. Anaishi kando yetu, na haishi pamoja nasi.

Uadilifu watutaka tuseme kwamba miongoni mwao wamo watu wema. Yuko aliyejifunza lugha akaisema ikaeleweka, anayefika msibani bila ya kuitwa, anayejua jina la mama wa mvuvi anayemuuzia samaki. Lau wangekuwa wote namna hiyo, makala haya yasingeandikwa. Lakini wengi wamekaa miaka kumi na Kiswahili chao bado ni "jambo" na "hakuna matata", maneno ambayo sisi wenyewe hatuamkiani nayo. Wana sherehe zao, skuli za watoto wao na maduka yao ya vyakula, na mwenyeji wanayemjua ni yule anayefungua lango, yule anayefua nguo na yule anayefyeka majani.

WAGENI WALIOSHIKA JEMBE, NA WASIOSHIKA

Tusijidai kuwa sisi tuliota katika mawe. Visiwa hivi ni watu waliokuja. Alikuja Mshihiri hana kitu ila nguvu za mabega yake, akachukua mizigo bandarini, akauza kahawa kwa kikombe, akajifunza lugha, akasali safu moja na wenyeji, akafa akazikwa hapa. Alikuja Mngazija, akawa mwalimu na fundi. Alikuja Mhindi, akafungua duka mashamba mahali asipotaka kukaa mtu. Alikuja Mnyamwezi na Mmanyema. Hawakuwa malaika, na historia ya nchi hii ina machungu ambayo hatuna haja ya kuyatonesha. Lakini waliokaa walishika jembe, na wajukuu wao leo ndio sisi tunaosoma ukurasa huu. Chama kisichokubali hili hakina haki ya kujiita chama cha Wazanzibari.

Ilikuwapo pia namna nyingine ya ugeni. Mwingereza alitutia chini ya hifadhi yake mwaka 1890, na mpaka Disemba 1963 hakuwa mwenyeji hata siku moja, wala hakutaka kuwa. Pale Shangani walikuwa na klabu yao, English Club, iliyoanzishwa mwaka 1888, ambamo kwa miaka mingi mwananchi aliingia akiwa amebeba sinia. Jengo lile baadaye liligeuzwa hoteli, na vijana wetu hupita mbele yake bila ya kujua lilikuwa nini.

Lakini yule Mwingereza wa klabu tumpe haki yake kwa jambo moja: hakudanganya. Hakusema kwamba yeye ni jirani. Huyu wa leo husema kwamba Paje ni kwao, na bado amejenga ukuta mrefu kuliko ule wa Shangani. Klabu imerudi, ndugu zangu, ila safari hii haina kibao mlangoni, na imehama mjini ikaja kukaa baina ya kijiji na bahari yake.

HESABU YA MAJI

Tuache maneno makubwa tutazame kisima.

Upande wa mashariki na kaskazini ya Unguja ni maweni. Hakuna mto, na maji matamu yako chini ya jiwe, yameelea juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kwa kiasi, Mungu huyarudisha kwa mvua. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda na kisima hufa. Haya waliyajua wazee wetu bila ya kusoma chuo kikuu.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Lilikuta kwamba nyumba ya mwananchi, pamoja na wote waliomo, hutumia kwa wastani lita 93 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni hutumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya daraja ya juu hufika lita 3,195. Sisi wenye maduka hesabu hatushindwi: nyumba ya wageni inakunywa kwa chumba kimoja maji ya nyumba saba, na hoteli kubwa inakunywa kwa chumba kimoja maji ya nyumba 34. Na ilionekana kwamba kulikuwa na mabomba ya hoteli yaliyowekewa walinzi, kwa khofu ya wanakijiji wenye kiu.

Atasema mtu: hizo ni hoteli, mkaazi wa kigeni ana nyumba moja tu. Twajibu: nyumba hiyo moja mara nyingi ina vyumba vya kukodisha, ina bustani ya majani ya Ulaya yanayomwagiwa maji asubuhi na jioni juu ya jiwe, na ina dimbwi la kuogelea hatua mia moja kutoka bahari ya Hindi. Mama wa kijijini apangaye ndoo zake usiku wa manane akingoja bomba likohoe hatofautishi baina ya hoteli na nyumba ya kukaa. Anachojua ni kwamba upande ule wa ukuta kuna maji na upande huu hakuna.

HESABU YA PWANI

Kwa mgeni, pwani ni mahali pa kutazama. Kwa mwanakijiji ni shamba. Maji yakitoka, wanawake huteremka na mapakacha kuokota chaza na kuchokoa pweza. Mchangani ndimo yanamofukiwa makumbi, yakaoza, yakapigwa, yakawa kamba. Ngarawa hupandishwa dikoni na samaki hupigiwa mnada papo hapo. Na tangu mwaka 1989, kilipoanza kilimo cha mwani upande wa mashariki, maelfu ya wanawake wamekuwa na vigingi vyao baharini, na wengi wao fedha ile ndiyo ya kwanza waliyoipata bila ya kumwomba mume.

Leo nenda Paje upepo ukivuma. Juu ya maji yale yale yenye vigingi vya mwani hupita tiara kwa makumi, kamba zake zimetanda, na mpanda ubao hukimbia kama mshale. Mama aliyeinama kufunga mwani wake ndiye anayetakiwa aangalie asiumizwe. Hatumbebeshi mgeni mzigo wa jua: ni kweli kwamba bahari imepata joto na mwani wa bei nzuri umekuwa ukifa, na ni kweli kwamba wanunuzi wa mwani hulipa bei ya dhuluma. Lakini mtu aliyekwisha kubanwa na joto na bei, je, ni haki abanwe na mchezo pia?

Kisha iko njia. Kanuni zataka jengo liwe mita 30 kutoka alama ya maji makuu. Tembea ukapime mwenyewe utazame imeheshimiwa wapi. Na mahali palipokuwa na vichochoro vitano vya kuteremkia pwani, kimoja cha wavuvi, kimoja cha mwani, kimoja cha kwenda kuosha mkeka, pamebaki kimoja, nacho kina mlinzi anayemwuliza mzee wa miaka sabini: "Unakwenda wapi?" Mlinzi mwenyewe ni mtoto wa kijiji kile kile. Tulisoma katika fikihi kwamba haki ya njia na haki ya maji haziuzwi pamoja na kiwanja zikampotea jirani. Sijui wanaoandika mikataba walisoma wapi.

HESABU YA KARATASI

Sasa twafika kwenye kiini.

Mwananchi wa Visiwa hivi, ili ahesabiwe kuwa yupo, anahitaji karatasi. Tangu sheria ya mwaka 2005 anahitaji kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Ili kukipata, ilimlazimu kupita kwa sheha, na sheha akiwa hakupendi kwa sababu ya chama chako ulirudi jana, leo na kesho. Kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi ilimtaka awe amekaa katika jimbo miezi 36 mfululizo ndipo aandikwe. Agosti 2009 uandikishaji ulisimamishwa Pemba baada ya ghasia zilizotokana na watu kukosa vitambulisho hivyo katika ardhi waliyozikwa babu zao. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulisimama katika misafara ile juani, na tunajua ladha ya kuulizwa na kijana wa miaka ishirini kama kweli sisi ni wa hapa.

Upande wa pili tazama. Chini ya utaratibu wa uwekezaji wa mwaka 2023, mgeni anunuaye nyumba katika miradi iliyoidhinishwa kwa dola laki moja au zaidi hupewa kibali cha ukaazi, yeye, mwenzi wake na watoto wake. Hakuna sheha wa kumhoji kuhusu babu yake. Hakuna miezi 36. Haulizwi kama anajua kusema "hodi". Uenyeji wa mmoja unapimwa kwa kaburi la wazee wake na bado hautoshi. Uenyeji wa mwingine unapimwa kwa dola na unatosha siku hiyo hiyo.

Na jambo hili lina kichekesho chake cha kuliza. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Ardhi si jambo la Muungano. Basi ukienda kulalamika kuhusu vibali, unaambiwa hilo liko kwa Serikali ya Muungano. Ukilalamika kuhusu ardhi, unaambiwa ni sera ya uwekezaji. Mgeni amepewa milango miwili ya kuingilia, na mwananchi hana hata mmoja wa kubisha.

Kila tarehe 12 Januari tunakumbushwa kwamba Mapinduzi ya 1964 yaliifanya ardhi kuwa mali ya umma na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu, ili Mzanzibari asiwe mpangaji katika nchi yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 nayo yasema hivyo hivyo: ardhi yote ni ya umma, amekabidhiwa Rais. Vyema. Lakini kilichokabidhiwa ni amana, na amana haikodishwi kwa siri. Mikataba ya ardhi inafika miaka 99. Mtoto atakayezaliwa Jambiani usiku huu atakufa mzee, na mkataba utakuwa bado uko hai. Mwishoni mwa mwaka 2021 ikatangazwa kwamba hata visiwa vidogo vinakodishwa kwa wawekezaji. Unguja ni maili 640 za mraba, Pemba ni 380. Nchi ya kadiri hiyo haina ardhi ya kusahau.

MWENYEJI WA KARATASI

Tuseme kweli ijapokuwa chungu: mgeni hakuteka kiwanja kwa upanga. Yupo aliyemshika mkono.

Sheria hairuhusu mgeni kumiliki ardhi, basi hutafutwa Mzanzibari wa kutia jina. Huyo ndiye mwenyeji wa karatasi. Jina ni lake, sahihi ni yake, na faida si yake ila kile kibahasha cha mwisho wa mwezi. Nyuma yake yuko dalali, na nyuma ya dalali mara nyingi yuko sheha, na nyuma ya sheha sitaki kusema yuko nani, kwani mwajua. Urithi wa watu kumi na wawili umeuzwa na mmoja wao, wakati wale kumi na mmoja wako mjini au Maskati. Sheria yetu ya Kishafii humpa mshirika haki ya shufaa, kwamba fungu likiuzwa kwa mtu wa nje yeye ana haki ya kulichukua kwa bei ile ile. Wangapi wameulizwa? Fedha ikawa pikipiki, pikipiki ikawa chuma chakavu, na muuzaji akaajiriwa kufagia uwanja uliokuwa wake.

Sisi wenye maduka twaliona jambo hili katika daftari la mkopo. Samaki wanaotua dikoni hupita moja kwa moja jikoni kwa wageni, na mwanakijiji hununua mkebe. Kodi ya nyumba hutajwa kwa dola, na mwalimu aliyehamishiwa kijijini hawezi kupanga katika kijiji anachofundisha. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Ni kanuni nzuri. Twauliza: nani amepita pwani kukagua?

Na sasa mgeni mkaazi anaingia katika duka lenyewe. Huko Bara, mwezi wa Julai 2025, ilitolewa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uuzaji wa rejareja, uongozaji wa watalii, udalali wa majumba na saluni. Sisi hatusemi tunakili kila neno la Bara. Zanzibar ina mamlaka yake katika leseni za biashara, na twataka iendelee kuwa nayo. Lakini mamlaka usiyoyatumia ni sawa na jembe lililotundikwa ukutani.

TAZAMENI MALINDI NA LAMU

Asemaye kwamba tunaogopa kivuli, asafiri kidogo kaskazini. Malindi ya Kenya Wataliani wamekaa tangu miaka ya sitini, pale nchi yao ilipojenga huko Ngomeni kituo cha kurushia satalaiti. Wakaja wengine, wakajenga majumba, hata watu wakauita mji ule Italia ndogo. Watoto wa Kiswahili na Kigiriama walijifunza Kitaliani kwa ajili ya mkate. Kisha zikaja ghasia za uchaguzi wa 2007, na baadaye khofu za usalama za miaka ya 2013 na 2014. Wageni wakapungua, hoteli zikafungwa, na vijana waliokuwa wamejua lugha ya watu wakabaki hawana wa kuzungumza naye.

Lamu nako, kijiji cha Shela kina majumba ya kale ya mawe yaliyotengenezwa vizuri kuliko wakati wowote, na mengi yao ni ya Wazungu wanaokuja kwa msimu. Kuta zimepona na wenyewe wamehama. Mji ukibaki na milango yake ya nakshi bila ya watu wake umekuwa sanduku.

Na sisi tulipata onyo letu mwaka 2020, Korona ilipozisimamisha ndege. Wageni wakaazi wengi walirudi kwao, na walikuwa na haki, kwani kila mtu katika dhiki hukimbilia nyumbani. Lakini hapo ndipo tulipojua nyumbani kwao ni wapi. Kijana aliyekuwa akipika piza alirudi kwa baba yake kuvua, na mama alirudi kwenye mwani. Bahari ikawapokea. Je, dhiki ijayo itakapofika, njia ya kwenda baharini itakuwa bado wazi?

WANATUJIBU NINI

Watasema: wageni hawa wameleta kazi. Ndiyo, na hatuikatai. Lakini mwenye kumlipa mtu ujira hakununua kisima cha baba yake.

Watasema: wamesaidia skuli na kliniki. Wako waliosaidia, na Mungu awalipe. Lakini sadaka hutolewa atakapo mtoaji, na kodi hutolewa ipasapo. Kijiji hakiwezi kujengwa kwa hisani ya mtu ambaye akiudhika hufunga mkono. Twataka kile kilicho haki yetu kiandikwe, kisha sadaka iwe juu yake.

Watasema: mnachochea chuki. Hapa tunasimama imara. Sisi ndio tunaojua chuki huzaa nini. Nchi hii ilimwaga damu Juni 1961, ikamwaga Januari 1964, ikamwaga Januari 2001, na hakuna nyumba ya Visiwani isiyo na jina la kukumbuka. Hatutaki tena. Mwanachama atakayetupa jiwe juu ya ukuta wa mgeni amewapa maadui wa chama kile wanachokitafuta usiku na mchana. Ugomvi wetu ni na sheria na wanaoiandika, na silaha yetu ni hoja, kura na mahakama.

TUNATAKA NINI

Kwanza, daftari la mikataba yote ya ardhi ya pwani liwekwe wazi katika kila shehia: nani amekodishwa, ukubwa gani, miaka mingapi, analipa nini, na kijiji kinapata nini. Amana iliyofichwa ni khiana.

Pili, njia za asili za kwenda pwani, madiko, mashimo ya makumbi na maeneo ya mwani yapimwe, yawekewe mawe, na yasiguswe na mkataba wowote. Michezo ya baharini itengewe mahali pake, na mwenye shamba la mwani atangulie.

Tatu, visima vya pwani vipimwe. Kijiji kinywe kwanza, kisha bustani. Mwenye dimbwi alipe bei ya dimbwi.

Nne, biashara ndogo ziwe za wananchi: duka la rejareja, kuongoza wageni, kuwapeleka baharini kwa ngarawa na mashua, udalali.

Tano, mgeni atakaye kuongezewa kibali baada ya miaka mitatu aonyeshe kwamba anasema Kiswahili na kwamba amelipa anachodaiwa. Nchi nyingi za Ulaya humtaka mtu wetu ajifunze lugha yao kabla ya kumpa ukaazi wa kudumu, na hatujasikia zikiitwa za kibaguzi.

Sita, na hili ndilo kubwa: Mzanzibari apate kitambulisho chake kwa wepesi ule ule anaopata kibali mwenye dola laki moja. Asiwe mtoto wa nyumba anayengoja uani huku mgeni akifunguliwa mlango wa mbele.

Na kwenu, ndugu wanachama wa mashamba, tunalo ombi ambalo halimngoji waziri yeyote. Msitie sahihi peke yenu. Kabla ya dalali kumaliza kikombe cha chai, waiteni warithi wote, na mashahidi, na mtu ajuaye kusoma mkataba. Hasa msiwe wenyeji wa karatasi. Jina la baba yako si bidhaa, na mimi nimeuza bidhaa zaidi ya miaka ishirini, najua kipi huuzwa na kipi huuzwi.

Ama wewe mgeni mkaazi, ikiwa yuko atakayekufasiria maneno haya, hatukufukuzi. Umeipenda nchi yetu, na sisi hatuwezi kumlaumu mtu kwa hilo, kwani nasi twaipenda. Siku zako mbili tulizihesabu kwa furaha. Ya tatu imefika zamani. Toka nje ya ukuta, uliza lugha, lipa maji, acha njia wazi, fika msibani. Jembe lako liko pale kibarazani, limekungoja.

Mwenye Duka,
Unguja